Kipande Kilichobaki Mbeya

Kamwene, Atupele mwanangu.

Umetoka kwenda kuaga kwa kina Mama Sifa, na ninajua kule hutarudi mapema, maana watakuandalia chai na kukuombea mpaka chai ipoe. Nimeona nikae hapa mezani niandike wakati bado kuna mwanga. Mvua imeanza kule upande wa milima lakini haijatufikia. Begi lako liko mlangoni. Nimelinyanyua kuona uzito wake, kisha nikalirudisha lilivyokuwa.

Sitakuandikia habari za kula, wala za kufunga mlango, wala za watu wa kuepuka stendi. Shangazi yako amekueleza hayo tangu Jumatatu, na mengine ameyaongeza ambayo sidhani kama yanatokea Mbeya. Ninataka kuandika jambo moja tu, ambalo mara mbili nimejaribu kulisema kwa mdomo likanishinda. Mara ya kwanza ulisema, "Baba, tuliache hili." Mara ya pili nilianza vizuri, kisha nikajikuta ninakuuliza kama umepata soksi nzito.

Jambo lenyewe unalijua. Ni kile kipande cha mama yako kilichobaki Mbeya.

Wiki iliyopita daktari anayesimamia mradi unaokwenda kufanyia kazi alinipigia simu. Alizungumza kwa heshima, akaniita mzee, akanipa pole kama vile msiba ni wa jana. Akanieleza kwamba kile kinyama walichomkata mama yako kooni hakikutupwa baada ya kupimwa. Kilihifadhiwa ndani ya kibonge cha nta, kwenye droo, pamoja na vya wagonjwa wengine wa saratani za kichwa na shingo waliopita pale. Sasa wanataka kuvipima upya, watafute alama ndani ya chembe za ugonjwa. Wakizifahamu alama hizo, wanaweza kubashiri mapema ni mgonjwa yupi ambaye ugonjwa wake utasikia mionzi na dawa, na ni yupi ambaye ugonjwa wake utakuwa mbishi. Ndipo akaniuliza maswali mawili. La kwanza, ninaruhusu kibonge cha mke wangu kitumike? La pili, majibu yakitoka, ninataka kuambiwa?

Nilimwomba muda. Akasema kazi ya kukata vibonge itaanza karibuni, na kwa kuwa wewe unakwenda kuripoti, unaweza kuja na jibu langu. Kwa hiyo kesho utasafiri nalo. Na mpaka hapa nilipofika, Tupe, sijui jibu lenyewe ni lipi.

Mama yako alianza kwa sikio. Ulikuwa kidato cha tatu, ukaja likizo ukamkuta ameziba sikio la kulia kwa pamba. Zahanati walimpa matone, yakaisha, wakampa mengine. Mimi nilikuja kukumbuka baadaye mambo ambayo nilikuwa nayaona kila siku bila kuyaona. Alianza kumega tonge dogo, dogo kama la kumlisha mtoto. Akimeza aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya mlango. Chai aliiacha mpaka ipoe kabisa. Nilimtania kwamba amekuwa mzungu. Akacheka, akasema, "Acha nijizoeshe, huenda ukanipeleka Ulaya na hizi nyanya zako."

Bibi yako alipokuja kutoka Kihesa akamwona anavyomeza, akasema pale pale kwamba ni kimeo. Hakusema kwa ubaya. Sisi watoto wake wote tulikatwa kimeo tukiwa wadogo. Mimi nakumbuka nimepakatwa, kichwa kimeshikwa, na ladha ya damu na chumvi. Kikohozi changu kikapona baada ya hapo, au kilipona chenyewe, sijui. Kwa mama yangu, kile kinyama kinachoning'inia kooni kikirefuka ndicho kinacholeta maudhi yote ya koo, na dawa yake ni kukipunguza. Alimfahamu fundi mmoja huko ndani Kilolo, mama msafi, anayechemsha vifaa vyake. Mama yako akanitazama. Nikanyamaza. Alikuwa ameishi nami miaka ya kutosha kujua kwamba nikinyamaza nimekubali.

Ninayoandika hapa si siri. Wewe ndiye uliyebaki barabarani na ndoo za nyanya siku ile, ukatuona tunaondoka mshikaki kwenye pikipiki, mimi mbele, mama yako katikati, bibi yako nyuma amemshika kiuno asije akaanguka. Ulitupungia mkono.

Na baada ya kukatwa alipata nafuu. Hilo sijasikia mtu yeyote akilitaja tangu tumzike. Kwa majuma kadhaa alikula vizuri, rangi ikamrudi, na bibi yako akampelekea fundi kuku wa shukrani. Nimeifikiria sana nafuu ile. Angezidiwa siku ile ile tungekimbilia hospitali. Badala yake tuliuza nyanya msimu mzima tukiwa na amani, na kumbe kuna kitu kinakua. Uvimbe ulipotokea shingoni chini ya taya, mgumu kama kokwa la parachichi, aliufunika kwa mtandio akasema ni baridi. Hapa Ilula, na jua lile, nami nikakubali kwamba ni baridi.

Tulipofika hospitali Iringa walitusukuma Mbeya, na kwa kuwa kwao mama yako ni huko tuliona afadhali, atakuwa karibu na ndugu zake. Wakamkata kinyama. Siku ya majibu tulisimama koridoni, mimi, wewe uliyeombewa ruhusa shuleni, na bibi yako aliyekataa kubaki nyumbani. Daktari akaeleza kwamba ni saratani ya findo, ile tezi ya pembeni mwa koo, na kwamba imeshateremka shingoni. Alieleza vizuri, bila haraka. Halafu akaongeza neno moja, la kweli, lakini halikuwa na msaada tena kwa mtu yeyote pale. Akasema, "Mngewahi."

Nilikuona ukigeuka. Hukunigeukia mimi niliyeendesha pikipiki. Ulimgeukia bibi yako.

Safari ya mionzi ya Dar es Salaam sitaiandika. Ulikuwepo, nami nilikuwepo.

Sasa nije kwenye lile linalonikaba. Tangu ukiwa mdogo bibi yako alikuita mke mwenza, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao, lakini ninyi wawili mlizidisha. Babu yako alipofariki aliacha lile koti lake zito la sufi, na mkaanza kuligombania. Ulikuwa na miaka kama saba. Ukifika Kihesa, kabla hata ya kuweka mzigo chini, unauliza, "Liko wapi koti la mume wangu?" Naye anakujibu kutoka jikoni, "Mume wako? Ulimfulia lini?" Mama yako alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Mchezo huo uliendelea miaka yote, mpaka ukawa msichana mkubwa, na wageni walishangaa kusikia mwanafunzi wa sekondari anadai mirathi ya marehemu.

Kesho yake baada ya mazishi, bibi yako alikuwa uani anaosha masufuria ya msiba. Alikuona unapita akasema, "Mke mwenza, niletee maji." Ukasimama, ukapiga goti, ukasema, "Shikamoo, bibi." Ukachukua ndoo ukamletea maji.

Hujamkosea neno hata moja tangu siku ile. Unamwamkia, unampokea mzigo, unampisha kiti, ukimletea chai unaishika kwa mikono miwili. Majirani wanakusifu kwa malezi na mimi ninapokea sifa. Lakini sisi watatu tunajua ile si heshima. Yeye mwenyewe aliniambia siku moja, taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Baba Tupe, mwanao ananiheshimu kama watu wanavyomheshimu maiti."

Sikumjibu. Nilidhani mtakuja kuzoeana wenyewe. Nilimtunza kila mmoja kwa upande wake, kwako sikumtaja bibi, kwa bibi sikukutaja wewe, nikaita hiyo busara. Ilikuwa ni uoga tu, nao umenila miaka. Mtu mpole anaweza kuacha nyumba ikagawanyika huku kila mtu akimshukuru kwa upole wake. Hilo nimejifunza kwa kuishi ndani yake, Tupe, na sikuombei ulijue kwa njia hiyo.

Jumapili tulipokuwa tunapanga nyanya kwenye matenga nilikuuliza hiyo kazi ya alama inakuwaje. Ulinieleza kwa uvumilivu, nami nilifurahi kukusikia, maana ulipokuwa unasema mikono yako ilikuwa inafanya yale unayoyasema. Kwamba mnakata kile kibonge vipande vyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Kwamba kipande kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, kinajinyoosha chenyewe, kisha unakipokea kwa kioo. Halafu mnatia dawa, na alama ikiwepo, chembe za ugonjwa zinageuka rangi ya kahawia. Ukasema kwa saratani ya findo, kahawia mara nyingi ni ishara kwamba ugonjwa uliletwa na kirusi, na kwamba ugonjwa wa namna hiyo kwa kawaida husikia matibabu kuliko ule mwingine.

Nikaweka chini nyanya iliyokuwa mkononi mwangu.

"Kwa hiyo ikiwa kahawia, mama yako angepona?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Na isipokuwa kahawia, asingepona hata tungewahi?"

"Hilo pia sijasema."

"Sasa umesema nini?"

Ulifuta mikono kwenye kitenge kwanza. "Nimesema wengi wenye kahawia wanaishi muda mrefu zaidi. Wengi, si wote. Na kati ya wasio na kahawia wapo wanaopona. Ile rangi haimjui mtu, baba. Inajua kundi."

Nikakuambia basi ni kama matenga. Nikitazama tenga lililofungwa vizuri, nyanya zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kubadilika, nakwambia hili litafika Dar salama. Lakini ukinichomolea nyanya moja ukaniuliza kama hii yenyewe itafika, sijui. Inaweza kuoza njiani, Ruaha Mbuyuni. Ulicheka, ukasema ni hivyo hivyo, ila nisije nikamwambia daktari wako habari za nyanya.

Tulicheka wote wawili. Lakini nilikutazama usoni. Mdomo wako ulisema kundi, macho yako yalikuwa Kihesa.

Hiyo ndiyo hofu yangu, na ndiyo sababu barua hii inaniwia ngumu. Ninaogopa kwamba utasimama mbele ya ile hadubini ukiwa na kesi. Kioo kikiwa kahawia, utasema mama angeishi, na aliyemchelewesha ni fulani. Kisipokuwa kahawia, utasema basi, bibi hana hatia, na utakuja kumwita mke mwenza kama vile hakuna kilichotokea. Nimejaribu kujua ni lipi kati ya hayo mawili linanitisha zaidi. Ni la pili, mwanangu. Kwa sababu likitokea hilo, atakayekuwa amemsamehe ni dawa ya maabara. Wewe utakuwa umepokea majibu tu.

Na kuna jambo ambalo kwa kawaida baba hamwandikii binti yake. Ulipoondoka kwenda kuchota maji Jumapili ile nilimpigia daktari, nikamuuliza kirusi hicho mtu anakipataje. Alisita kidogo, kisha akaniambia. Ni kile kile cha saratani ya mlango wa kizazi, kile walichokuja kuwachanjia shuleni, na mama yako akakuvalisha blauzi ya mikono mifupi siku hiyo ili sindano isikusumbue, wakati wenzake wanawaficha mabinti zao ndani kwa maneno ya mitaani kwamba itawafanya tasa. Kinapita kwa watu wanaoishi pamoja kama mke na mume. Daktari akasema karibu kila mtu mzima hukutana nacho, wengi hakiwadhuru, na hakuna kipimo cha kusema nani alimpa nani. Nilimshukuru. Halafu nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa. Kioo kikiwa kahawia, mwanangu, hata mimi nitakuwa mle ndani. Nimekuandikia ili ujue kwamba ninapokuomba kuhusu bibi yako sikuombi nikiwa nimesimama pembeni.

Bibi yako amesikia. Sikumwambia mimi, ni shangazi yako. Juzi ulipokuwa mjini kununua viatu alikuja hapa, akakaa kwenye kile kigoda cha mama yako, akaniuliza kama ni kweli kuna kipande cha mkwe wake Mbeya, kwenye nta.

Nikasema ni kweli.

"Na huyo mtoto anakwenda kukisoma?"

"Wapo wengi watakaokisoma, mama. Yeye ni mmoja."

Mjomba wako wa Tukuyu alishapiga simu asubuhi ile, akitaka tukidai kipande hicho tukizike kwenye kaburi la mama yako, kwamba si vizuri mtu alale mahali pawili. Nikamweleza mama maneno hayo. Nilitegemea atamuunga mkono, unajua alivyo na mambo ya kaburi. Akatikisa kichwa. "Kama bado ana kazi huko, mwacheni amalize," akasema. "Alikuwa si mtu wa kuacha kazi katikati."

Kisha akainuka, akajifunga kanga, akafika mlangoni, akageuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Akishasoma aniambie kama ni mimi. Adabu nimeshiba. Sasa nataka jibu."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alipopanda gari alinipa nyanya mbili alizookota njiani, ambazo bila shaka zilianguka kutoka kwenye tenga langu mwenyewe.

Tangu juzi nimekuwa nikizunguka na maswali ya yule daktari. La kwanza bibi yako amelijibu kuliko ambavyo ningeweza mimi. Waambie nimeruhusu. Kama kipande kile kitasaidia mama wa mtu mwingine, ambaye leo ameziba sikio kwa pamba mahali fulani huku kwetu, apelekwe mapema na apewe matibabu yanayomfaa, basi wakikate. Yeye alikuwa na tabia ya kuweka nyanya nzuri hata chini kabisa ya ndoo, mahali ambapo mnunuzi haoni. Nikimuuliza kwa nini, anasema ya chini nayo kuna mtu atakayeila.

La pili nilitaka kusema hapana. Nilishaandaa na maneno yake, kwamba mimi ni mzee, kujua hakutamrudisha. Lakini mama yangu ameuliza, na amengoja miaka yote hii katika shikamoo zako mpaka akapata ujasiri wa kuuliza. Nikimnyima jibu nitakuwa nimenyamaza tena, na safari hii sitapata kisingizio kwamba mimi niliendesha pikipiki tu. Kwa hiyo waambie ndiyo. Nataka kuambiwa.

Ila nitakuomba namna. Usinipigie simu. Majibu yakitoka, yawe ya kahawia au yasiwe, omba ruhusa uje, na uje kwa namna moja kwa vyovyote vile. Ukipanga kuja ukiwa umefurahi au umenyong'onyea, bibi yako atalisoma jibu kwenye mwendo wako kabla hujafungua mdomo, na hatasikia sehemu ile ya kundi. Tutakwenda Kihesa pamoja. Utamweleza kama ulivyonieleza mimi, polepole, na mimi nitakuwa nimekaa upande wake wa benchi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kukuomba jambo jingine, kwamba kibonge chenye namba ya mama yako usikikate wewe. Nilitaka wampe mtu asiyemfahamu. Nimeandika mpaka hapa na nimebadilika. Nimekumbuka siku ile walipomleta kutoka Dar. Ulitaka kuingia kumwosha, wanawake wakakuzuia mlangoni kwamba wewe ni mtoto, na bibi yako akaingia, akafunga mlango. Najua hilo nalo uliliweka kwenye hesabu yake. Hujui kwamba aliwatoa wenzake wote nje akabaki na shangazi yako tu, kwa sababu ya kidonda cha shingoni, hakutaka watu wakione. Shangazi yako aliniambia kwamba maji aliyajaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kama anavyofanya mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na aliyeagizwa maji mengine alipoleta ya baridi, bibi yako aliyakataa.

Wakubwa wako wakiruhusu, na moyo wako ukiruhusu, kata wewe. Maji yale uliyosema yanakuwa ya uvuguvugu. Uliposema hivyo Jumapili sikujua kwa nini neno hilo lilinishika. Mwache aelee, ajinyooshe, umpokee. Ulizuiwa mara moja. Sasa hakuna wa kukuzuia mlangoni.

Mvua imefika juu ya bati na siwezi kusikia kama unakuja, kwa hiyo nimalizie.

Kesho utapanda gari la asubuhi mpaka Ipogolo, na hapo utashuka usubiri basi la Mbeya. Nimefanya jambo bila kukuuliza. Nimempigia bibi yako nimemwambia saa. Atashuka kutoka Kihesa na atakuwa amesimama pale, kwenye vibanda vya kuuzia chai, na miguu yake ile inayomuuma. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ni haki yako, na unanidai hasira hiyo tangu siku ya korido ukasahau kuichukua.

Sikuombi umwambie kwamba hakukosea. Alikosea, nami nilikosea, na yule fundi aliyechemsha vifaa vyake alikosea akiwa na mikono misafi. Ninachoomba ni wakati tu, kabla ya majibu. Kesho bado hakuna anayelijua jibu. Kibonge bado kiko kwenye droo, hakina rangi yoyote. Huenda hii ndiyo siku pekee iliyobaki ambayo unaweza kumwendea bila jibu mkononi, ukamwendea kwa sababu ni wewe na ni yeye.

Ananiambia Mbeya kuna baridi kali na kwamba koti ulilonunua halitoshi. Kwa hiyo atakuwa amelibeba lile la babu yako. Ameliweka juani siku mbili kutoa harufu ya moshi, nadhani haikutoka. Atajifanya amekuja kwa shughuli zake. Atakuona, atakuita kwa lile jina mbele ya watu wote wa stendi, kisha atangoja, akiwa ameshika koti.

Unajua anangoja aulizwe nini.

Baba yako,
Ilula, jioni, mvua inanyesha.